Mkonge, Jahazi na Ushahidi: Tuyapangeje Mazao ya Maarifa ya Tanga?

Katika majedwali ya OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi tajiri, viwanda vimezoeleka kupangwa kwa kipimo kimoja: fedha inayotumika kwenye utafiti ikilinganishwa na thamani ya kinachozalishwa. Ndege, dawa na kompyuta hukaa juu. Nguo, kamba, vyakula na mbao hukaa chini kabisa. Kwa kipimo hicho Mkoa wa Tanga hauna uzalishaji wa maarifa unaostahili kutajwa, kwa kuwa una katani, saruji, maziwa, machungwa ya Muheza, viungo vya Amani, samaki na mwani. Mipango inayojengwa juu ya kipimo hiki huishia palepale: tuanze upya, tujenge vitovu vya tehama, tuwaite vijana wenye programu za simu. Vijana wa programu waje, nafasi wanayo. Lakini jedwali lenyewe linatupotosha, kwa sababu linatufanya tuamini kwamba pwani hii haijawahi kuzalisha maarifa, wakati imeyazalisha kwa zaidi ya miaka 100 na mengi yakaondoka bila kuandikwa kwenye hesabu yoyote.

Chukua kamba ya katani, iliyowekwa chini kabisa. Mkonge si mmea wa kwetu. Mwaka 1893 Dk. Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Ilisafirishwa kupitia Hamburg, na ilipofikishwa Kikogwe, ng'ambo ya mto Pangani, miche 62 tu ndiyo iliyokuwa hai. Mashamba yaliyokuja kutanda Tanga, Muheza na Korogwe yalianzia kwenye miche hiyo. Sasa, mkonge ni nadra kuzaa kwa mbegu. Unatoa machipukizi shinani, na ukizeeka unasimamisha mlingoti wenye vichipukizi vingi juu yake. Kila kimoja ni nakala ya mama yake. Kwa mkulima hiyo ni neema, maana anajua hasa anachopanda. Kwa mtafiti ni ukuta, maana pasipo tofauti hakuna cha kuchagua.

Ukuta huo ulibomolewa hapahapa. Miaka ya 1930 watafiti wa Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki, walianza kuchanganya jamii za mkonge, mojawapo ikiwa ile ambayo kwenye vitabu vya mimea inaitwa Agave amaniensis, kwa jina la Amani yenyewe. Kazi ikahamia kituo cha Mlingano, karibu na Ngomeni wilayani Muheza, na baada ya miaka mingi ya kupandisha, kungoja mlingoti na kupima, ikapatikana chotara namba 11648. Mkonge wa kawaida hutoa majani 200 hadi 250 maishani mwake kabla ya kutoa mlingoti. Chotara huyu anaweza kupita 600, na pembezoni mwa jani hana miiba. Ana udhaifu wake pia, kwani hushambuliwa na ugonjwa wa kuoza uitwao milia ya pundamilia. Hata hivyo, leo ndiye mkonge mkuu wa mashamba ya kusini mwa China, katika Guangxi na Guangdong. Singa, yaani nyuzi, inayotoka kwenye korona ya huko, mashine ya kukamua majani, ina ndani yake kazi ya Mlingano.

Tukiipima singa kwa fedha ya utafiti ya mwaka huu, tutaona sifuri au karibu na sifuri. Utafiti ulishalipwa zamani na umekaa ndani ya mmea.

Kabla ya kupanga mazao haya, lazima tukubaliane tunapanga nini. Kila kazi ya binadamu ina maarifa ndani yake, hata kuchimba kisima kunataka mtu ajue udongo. Tukisema zao la maarifa ni lile lililotumia maarifa, tumetaja kila kitu duniani. Maana ninayoitumia ni finyu zaidi: zao la maarifa ni lile ambalo mnunuzi wake analipia hasa kitu asichoweza kukijua wala kukirudia kwa kulitazama tu. Anayenunua chungwa Muheza analitazama, analibonyeza, analionja, na bei inafuata. Anayenunua mche wa mchungwa uliobebeshwa kwenye shina la mlimau hawezi kuona kwa macho kama kikonyo kilitoka kwenye mti uzaao vizuri au kwenye mti mgonjwa. Atajua baada ya miaka kadhaa, na kwa wakati huo shamba limeshajaa. Analipia ujuzi na uaminifu wa aliyebebesha. Chungwa si zao la maarifa na mche wake ni zao la maarifa, ingawa vyote viwili takwimu zinaviweka kwenye safu ya kilimo.

Hapo ndipo mpangilio wa kisekta unapovunjika. Mwanauchumi Fritz Machlup, katika kitabu chake cha mwaka 1962, alihesabu elimu, utafiti, vyombo vya habari, mashine za habari na huduma za habari, akaona kwamba vyote kwa pamoja vilifikia karibu asilimia 29 ya pato la Marekani la mwaka 1958. Ilikuwa kazi ya kishujaa, na ilifungua macho ya wengi. Lakini alihesabu taasisi, na mkulima anayebebesha michungwa hana taasisi. OECD nayo mwaka 1996 ilichukua mgawanyo wa maarifa manne: kujua nini, kujua kwa nini, kujua namna, na kujua nani anajua. Mgawanyo huo unatusaidia zaidi, lakini unaeleza kichwa cha mtu kuliko bidhaa. Kwa mahitaji ya pwani yetu napendekeza tuulize kwanza maarifa yamekaa wapi ndani ya zao, kisha tuulize nani anaweza kulirudia, na likirudiwa nani analipwa.

Maarifa yanaweza kukaa ndani ya kiumbe hai, kama chotara wa Mlingano. Aina hii ndiyo tuliyo nayo kwa wingi na ndiyo tunayoipoteza kwa urahisi kuliko zote, kwa sababu kiumbe hai hujirudia chenyewe. Tazama ua la urujuani la Usambara. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya ya Tanga enzi za Wajerumani, alimpelekea baba yake Ujerumani maua madogo ya urujuani yanayoota mahali penye kivuli na unyevu. Mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akayapa jina la kisayansi la Saintpaulia ionantha, kwa heshima ya familia hiyo. Miaka ya 1920 bustani ya Armacost na Royston huko Los Angeles ikachagua aina kumi kutokana na mbegu zilizotoka Ulaya, na kutoka hapo ua likaingia kwenye madirisha ya nyumba za Ulaya na Marekani hadi leo, likiwa na maelfu ya aina zenye majina na wenyewe.

Watu wengi hulisimulia hili kama kisa cha wizi. Mimi naona kina mafunzo zaidi kikisimuliwa kama kisa cha aina mbili za zao. Ua la msituni ni maliasili. Ua lililochaguliwa Los Angeles ni zao la maarifa. Kati ya hayo mawili kulikuwa na kazi ya kweli ya watu wenye subira. Kinachoniuma ni kwamba Amani ilikuwa na taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo tangu mwaka 1902, ndani ya msitu wenyewe, na hakuna aliyeona kuwa ua linaloota jirani lingeweza kuwa kazi ya bustani zake. Taasisi ilitafuta mpira, kwinini, kahawa na katani, yaani kile ambacho dola ilihitaji.

Na ilipohitajika kweli, iliweza. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipofunga bahari, Amani iligeuka kiwanda: magome ya miti ya kwinini iliyopandwa mlimani yakatengenezwa dawa ya malaria kwa ajili ya jeshi la Wajerumani. Maarifa yaliyokuwa kwenye vitalu na maabara yakawa bidhaa kwa muda mfupi, kwa sababu mbegu, mtaalamu, vifaa na mhitaji vilikutana mahali pamoja. Tangu hapo ni mara chache mambo hayo manne yamekutana tena katika milima ile.

Yalikaribia kukutana kwa msambu. Mti huu wa misitu ya Tao la Mashariki huzaa tunda kubwa lenye mbegu zenye mafuta yanayoganda kwenye joto la kawaida la nyumba, na wenyeji wa Usambara waliyajua siku nyingi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni ya Unilever na washirika wake wakaanza kununua mbegu hizo kwa wanavijiji, kwa sababu mafuta yanayoganda yenyewe yanafaa kutengeneza majarini bila kupitishwa kwanza kwenye mitambo ya kuyagandisha. Mwaka 2008 Umoja wa Ulaya ukaruhusu mafuta hayo kuwa chakula kipya katika soko lake. Hebu tutenganishe kilichouzwa. Mwanakijiji aliuza mbegu kwa kilo. Ruhusa ya Ulaya, ambayo ni rundo la vipimo vya usalama, ni zao la maarifa linalojitegemea, na aliyelibeba ni kampuni. Ujuzi wa kuotesha mbegu za msambu, ambazo huweza kulala ardhini miezi mingi kabla ya kuchipua, ni zao la tatu, na hilo lilihitaji watafiti na wakulima pamoja. Mti ni mmoja, na maarifa yake yamekaa sehemu tatu zenye wenyewe tofauti. Aliyekuwa mlimani alilipwa kwa uzito.

Aina ya pili ni maarifa yaliyokaa mkononi. Mwanafalsafa Michael Polanyi aliandika kitabu kizima mwaka 1966 kuhusu ujuzi ambao mwenye nao hawezi kuumaliza kwa maneno. Angeweza kuuona Pangani, kwa mafundi wa majahazi. Anayeagiza chombo hutaja urefu wa mkuku na mzigo anaotarajia kubeba, na mengine yote hayaandikwi popote. Fundi husimamisha mkuku na fashini, kisha mbao zinapanda kwa jicho lake. Magongo ya mataruma, yaani mbavu za chombo, huchaguliwa yangali na umbo la mti, yale yaliyopinda yenyewe kwa kadiri ya tumbo la chombo, kwa sababu gongo lililonyooka likikatwa kwa msumeno lipate mkunjo, nyuzi zake zinakatika na siku ya mawimbi linapasuka. Ukimuuliza kwa nini gongo hili na si lile, atalizungusha, atalipima kwa tezo hewani, atakwambia hili linakubali. Baadaye hufuata kalafati: pamba iliyolowekwa mafuta inagongwa katika kila mwanya, na sauti ya nyundo inamwambia fundi mwanya umejaa au bado.

Zao hili halirudiwi kwa kunakili. Anayelirudia ni mwanafunzi aliyekaa na fundi miaka, kwa hiyo haliibiwi kirahisi, ila hufa kirahisi. Likikosa wateja kizazi kimoja limekwisha, na hakuna maktaba itakayolirejesha. Sera inayolinda aina ya kwanza kwa sheria ya mbegu haina msaada wowote kwa aina ya pili. Inachohitaji ni kazi: agizo la halmashauri la boti za doria na za kuvukia watu likitolewa kwa mafundi wa pwani, kwa sharti la kuchukua wanafunzi, lina thamani kuliko semina kumi za urithi.

Tiba asili ilikuwa karibu na hali hiyo hiyo mpaka Tanga ilipofanya jambo la kuigwa. Katika miaka ya 1990 Tanga AIDS Working Group ilikua kutokana na ushirikiano wa madaktari wa Hospitali ya Bombo na waganga wa tiba asili. Miti ya waganga ilitumiwa kwa wagonjwa wa UKIMWI waliosumbuliwa na magonjwa nyemelezi, huku watu wa hospitali wakifuatilia hali ya mgonjwa nyumbani kwake. Maarifa ya mkononi yalipita hatua kwa hatua kuelekea kwenye kumbukumbu, na mganga hakuachwa nyuma. Kwa maoni yangu hili ni jaribio muhimu kuliko mengi yaliyopewa jina la ubunifu mkoani, na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 ilikuja wakati Tanga imeshaanza.

Maarifa yaliyokaa kwenye karatasi na sauti nayapitia haraka, kwa kuwa yanajulikana zaidi. Gazeti la Kiongozi lilichapwa Tanga, kwenye shule ya serikali, tangu mwanzoni mwa karne iliyopita hadi 1916. Mwandishi Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, alichapishiwa vitabu na wachapishaji wa mbali: Pambo la Lugha huko Johannesburg mwaka 1948, Kusadikika kwa Nelson wa Uingereza mwaka 1951. Vikundi vya muziki vya Black Star, Lucky Star, Atomic Jazz na Jamhuri Jazz viliifanya Tanga iimbwe Afrika Mashariki nzima, na sahani zao zilitolewa na kampuni za Nairobi. Katika aina hii nakala ya pili haigharimu karibu chochote, hivyo malipo hutegemea sheria na mikataba peke yake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tuliyo nayo ni ya mwaka 1999. Nyimbo nyingi za Tanga zinazochezwa harusini hadi leo zilirekodiwa muda mrefu kabla yake.

Aina inayosahaulika kabisa ni ushahidi. Korogwe ilikuwa mojawapo ya vituo 11 katika nchi saba za Afrika vilivyofanya jaribio kubwa la chanjo ya malaria ya RTS,S kuanzia 2009 hadi 2014, kwa watoto zaidi ya 15,000 kwa jumla, na Bagamoyo ilikuwa kituo kingine cha Tanzania. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza chanjo hiyo itumike. Kabla ya hapo vijiji vya Muheza vilishatoa ushahidi kuhusu vyandarua vyenye dawa, kazi iliyofanywa pamoja na kituo cha Amani cha taasisi yetu ya utafiti wa tiba, NIMR. Kilichozalishwa Korogwe hakikupakiwa kwenye meli. Ni namba zinazoaminika, zilizotokana na wauguzi waliopima joto la watoto kwa miaka, mafundi wa maabara waliosoma damu kwa hadubini, na wazazi waliorudi kliniki kila walipoitwa. Chanjo isiyo na namba hizo ni maji ndani ya kichupa. Hii ni bidhaa ya hali ya juu kwa kipimo chochote, na ina soko la dunia nzima. Mkoa wenye uwezo huo ungepaswa kuutangaza kwa wawekezaji kama unavyotangaza bandari.

Kuna pia maarifa ya mchakato, ambayo hayabadili kinachoingia kiwandani bali kinachotoka. Jani la mkonge linapopita kwenye korona, singa ni kama asilimia 4 tu ya uzito wake. Kilichobaki, kwa zaidi ya karne, kilimwagwa. Mwishoni mwa miaka ya 2000 kampuni ya Katani, ikisaidiwa na wadau wa kimataifa, ilijenga Hale mtambo wa kuozesha mabaki hayo yatoe gesi na umeme. Mtambo huo ulionyesha kwamba shamba la mkonge linaweza kuwa na zao la pili bila kuongeza hata ekari moja. Maarifa ya namna hii yanabebwa na wahandisi na waendeshaji mitambo, na hukaa mahali kwa muda ambao watu hao wanalipwa na vipuri vinapatikana.

Nikirudi kwenye maswali yangu mawili ya mwisho, nani anaweza kulirudia zao na nani analipwa, ramani ya Tanga inajichora. Mwaka 1950 hazina ya mimea mikavu iliyoanzishwa Amani ilihamia Nairobi, ambako hadi leo ndiyo msingi wa hazina ya mimea ya Afrika Mashariki. Watafiti waliihitaji na wanaitumia vizuri, ila uwezo wa kurudia kazi ile ulihama nayo. Chotara wa Mlingano aliondoka wakati hatuna sheria ya haki za wagunduzi wa mbegu za mimea. Ya kwanza ilikuja 2002, ikafuatiwa na ya 2012, na mwaka 2015 tukaingia kwenye umoja wa kimataifa wa haki hizo, UPOV. Uzalishaji wa katani uliofika karibu tani 230,000 mwaka 1964 ulianguka kwa sababu nyingi, nyuzi za plastiki zikiwa mbele. Lakini katika miaka yote ile ya kuuza marobota bandarini sioni kwamba tuliufanya mche au ushauri kuwa bidhaa. Sasa serikali imeufanya mkonge kuwa zao la kimkakati, na Mlingano, chini ya taasisi ya utafiti wa kilimo TARI, imerudishiwa kazi ya kuzalisha miche. Mche wa bei nafuu kwa mkulima mdogo wa Korogwe ni haki yake. Mche huohuo ukinunuliwa na mwekezaji wa hekta elfu, au ukiombwa na nchi nyingine, ni zao la maarifa, na mkataba wake uandikwe hivyo, pamoja na sehemu ya mapato inayorudi kituoni kulipia chotara ajaye.

Jaribio gumu zaidi la mpangilio huu ni mwani wa pwani ya Mkinga, na nauacha wa mwisho kwa sababu haukubali kukaa kwenye aina moja. Mbegu yake ya biashara ilitoka Ufilipino. Kilimo chake kimo mikononi mwa wanawake wanaojua bamvua, kamba na vigingi. Thamani yake kubwa hutokea baadaye, ng'ambo, pale mwani mkavu unapogeuzwa karajinani ya kuwekwa kwenye vyakula na dawa ya meno. Kwa miaka kadhaa sasa maji ya kina kifupi yamekuwa na joto, na kotonii, aina yenye bei nzuri, inanyauka kabla ya kuvunwa. Upande wa Zanzibar mtafiti Flower Msuya amefanya kazi na wakulima kujaribu nyavu za mirija kwenye kina kirefu. Mkulima wa mwani naye anajaribu kila msimu: anahamisha kamba, anabadili tarehe ya kufunga mbegu, anatazama mkondo upi una baridi. Hayo ni majaribio ya kweli na hayana mahali yanapoandikwa. Ofisi ya uvuvi ya wilaya ingeweza kuanza na daftari moja kwa kila kijiji, lenye tarehe, kina cha maji, aina ya mbegu, mahali ilipofungwa na kilichovunwa, likiwa mali ya kikundi chenyewe. Mtafiti au kampuni itakayotaka kulisoma ilipie.